Jinsi ya Kutambua Dalili za Kiwewe kwa Mtu Wako wa Karibu

Karibu kila wiki naulizwa maswali yaleyale. "Mume wangu hatoki nje usiku hata kwenda chooni, amelogwa?" "Dada yangu anapiga kelele usingizini, ni mapepo?" "Mambo yale yalitokea zamani, mbona anaanza kuugua sasa?" Wanaouliza ni watu wa makazi ya wakimbizi hapa Uganda, Nakivale, Kyaka na Kyangwali, na wengine wanaoishi Kampala, mitaa ya Katwe na Nsambya. Wengi walitoka Kivu na Ituri, mashariki mwa Kongo. Lakini nimewahi kuulizwa pia na mke wa askari mstaafu, na mwendesha bodaboda aliyeona mwenzake akigongwa na lori mbele yake.

Ugonjwa wanaouulizia huitwa msongo wa baada ya kiwewe. Kwenye karatasi ya hospitali utauona kwa herufi nne: PTSD. Kijijini una majina mengi. Wenzetu wa Rwanda husema ihahamuka. Waacholi wa upande wa Gulu huzungumzia cen, roho ya aliyekufa vibaya inayomsumbua aliye hai. Sisi husema tu kwamba fulani ana mawazo mengi. Katika mwongozo huu nitauita kiwewe, maana ndilo neno fupi.

Mimi si daktari. Ni mhudumu wa kujitolea wa afya ya kijiji, na kazi yangu ni kuona dalili mapema na kumfikisha mtu kwa anayejua kutibu. Kazi hiyo unaiweza na wewe, ukishika neno moja: huhitaji kujua kisa chake. Unahitaji kujua nini kimebadilika na tangu lini.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari dogo la kuandikia tarehe. Usiandike jina la mtu, weka alama unayoijua mwenyewe. Daftari huokotwa, na kijijini habari hukimbia kuliko pikipiki.
- Mahali pa kuongea pasipo na sikio la tatu. Nyumba ya turubai haina siri, jirani anasikia hata ukikohoa. Afadhali mtembee hadi shambani, au mkae chini ya mti mahali ambapo njia inaonekana pande zote. Mwenye kiwewe hatulii akiupa mlango au njia mgongo.
- Saa nzima isiyo na haraka. Dakika kumi za foleni ya mgao wa chakula hazitoshi.
- Jina la kituo cha afya kilicho karibu na siku ambayo mhudumu wa afya ya akili huwapo. Uliza hili mapema, kwa sababu vituo vingi vina siku maalum ya wiki, na kumpeleka mtu mwenye hofu siku isiyo yake ni kumpoteza.
- Nambari 116, simu ya bure ya kuripoti mtoto anayeumizwa, popote ulipo Uganda.
- Ruhusa yake. Kuangalia dalili kwa macho hakuhitaji ruhusa, lakini kumzungumzia kwa mtu mwingine kunahitaji.

Hali mbili haziwezi kusubiri mwongozo huu. Kama mtu amebakwa na saa 72 hazijapita, mpeleke kituo cha afya sasa hivi. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hufanya kazi ikianzwa ndani ya saa hizo 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Ya kuzuia mimba hufaa hadi saa 120. Matibabu hayasubiri karatasi ya polisi. Na kama mtu amechanganyikiwa ghafla huku ana homa kali, au ameumia kichwa, au anaanguka na kutetemeka, usiseme ni kiwewe. Malaria kali, jeraha la ubongo na kifafa huua wakati watu wanajadili mawazo.

Hatua ya 1: Jua kama kuna tukio, usilichimbe

Kiwewe huanza na jambo ambalo mtu alikaribia kufa ndani yake, au alijeruhiwa vibaya, au alifanyiwa ukatili wa kimwili au wa ngono, au aliona hayo yakimpata mwingine. Wengine hawakuwapo, walipokea tu habari kwamba mtoto wao ameuawa. Vita vimo, lakini ajali ya barabarani imo pia, na maporomoko ya ardhi kama yale ya Bududa ya Machi 2010 yamo. Umaskini, talaka au kupunguziwa mgao huumiza sana, na vinaweza kuleta ugonjwa wa huzuni, lakini peke yake si mlango wa ugonjwa huu.

Uliza hivi: "Je, umewahi kupitia jambo la kutisha sana ambalo bado linakusumbua? Nijibu ndiyo au hapana tu, si lazima unieleze."

Sentensi hiyo ya mwisho nimejifunza kwa kukosea. Nilipoanza kazi hii nilimwomba mama mmoja, aliyevuka Ziwa Albert na wanawe mwaka 2018 watu walipokuwa wakiikimbia Ituri, anieleze kila kitu tangu usiku wa kwanza. Niliamini namsaidia kutoa ya moyoni. Alieleza, akalia, akaenda. Siku tatu hakulala, na miezi mingi alinikwepa njiani. Niliufungua mlango ambao sikujua kuufunga. Kueleza kisa kizima ni sehemu ya tiba, ndiyo, lakini ni kwa mtu aliyefunzwa, kwa mpango, na kwa vikao kadhaa. Kumlazimisha mtu asimulie mara tu baada ya tukio hakumsaidii, na kunaweza kumuumiza.

Hatua ya 2: Hesabu siku

Andika tarehe ya tukio, hata kwa kukadiria: "wiki ile mji wa Bunagana, mpakani mwa Kongo, ulipoanguka mikononi mwa waasi, Juni 2022", au "msimu wa mahindi wa mwaka juzi". Kisha andika tarehe dalili zilipoanza kuonekana.

Mwezi wa kwanza baada ya jambo baya, karibu kila mtu hushtuka, halali vizuri na huota vibaya. Huo ni mwili unaojitahidi kupoa, na wengi hupoa wenyewe wakiwa na chakula, usalama na watu wa kuwa nao. Usimpe mtu jina la ugonjwa katika wiki hizo. Dalili zikipita mwezi mmoja na zikazuia kazi, ndoa, malezi au masomo, hapo ndipo pa kuchukua hatua.

Zipo pia dalili zinazochelewa. Mtu anakimbia, anavuka mpaka, anapata kiwanja, anajenga, anaonekana mzima kuliko wote. Miezi sita au zaidi baadaye, sasa ana paa na mlango, ndipo usingizi unakatika. Ndugu zake husema anajifanya. Hajifanyi. Alipokuwa akikimbia hakuwa na nafasi ya kuugua.

Na wengi wa waliopitia mambo mabaya hawapati ugonjwa huu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 3.9 ya watu duniani wamewahi kuupata wakati fulani maishani. Kwenye maeneo ya vita hali ni nzito zaidi: mwaka 2019 shirika hilo lilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya watano huko anaishi na tatizo la afya ya akili, kiwewe kikiwa kimojawapo. Kwa hiyo usimtazame kila mkimbizi kama mgonjwa, na usimwambie mgonjwa kwamba yuko peke yake.

Hatua ya 3: Uliza habari za usiku

Nikipewa nafasi ya kuuliza jambo moja tu, huuliza usingizi. Mtu anayeona aibu kusema anaogopa haoni aibu kusema halali.

Angalia jinamizi linalorudi lilelile, au lenye watu na mahali palepale. Angalia anavyoamka: jasho, moyo unaenda mbio, na kwa dakika kadhaa hajui yuko wapi. Wengine hupigana usingizini, na mke asubuhi ana alama shingoni na mume hakumbuki kitu. Wengine wameamua kuukimbia usingizi wenyewe. Hukaa macho hadi alfajiri, kisha hulala mchana, na kijiji kinawaita wavivu.

Kuna pia kurudiwa mchana, na hili ndilo watu huliita mapepo. Mvua kubwa inapiga mabati, sauti inafanana na risasi, na mtu anajitupa chini ya kitanda. Jirani anachoma nyasi shambani, moshi unamfikia mama aliyeona nyumba yake ikichomwa, naye anaanza kuita majina ya watoto. Fataki za mwaka mpya, helikopta, harufu ya damu buchani, mtu amepita na panga begani akitoka shamba. Kwa muda huo hakumbuki tu. Mwili wake uko kulekule, siku ileile.

Ukimkuta katika hali hiyo fanya hivi:

Simama mbele yake, mbali kidogo, mahali anapokuona. Usimguse kutoka nyuma na usimshike mikono. Mwite kwa jina, kwa sauti ya chini. Mwambie mambo ya sasa: "Mimi ni jirani yako. Tuko Nakivale. Leo ni Jumanne. Hiyo ni mvua." Mwombe akanyage chini kwa nguvu, ausikie udongo, au ashike kitu cha baridi kama kikombe cha maji. Mwombe akutajie vitu vitano anavyoviona. Akisharudi, mpe maji, kaa naye, usimuulize aliona nini. Watu waliokusanyika waambie watawanyike. Hili la mwisho huwa gumu kuliko yote, lakini lifanye.

Hatua ya 4: Tafuta anachokikwepa

Hii ndiyo dalili inayojificha zaidi, kwa sababu kila anayekwepa ana sababu nzuri ya kukupa. Mzee haendi kwenye mgao, anamtuma mtoto. Anasema miguu inamuuma, kumbe ni wale walinzi wenye sare na bunduki langoni. Kijana wa bodaboda anakataa abiria wa barabara fulani na kusema ina vumbi. Mama haendi kliniki ya wajawazito. Ukifuatilia, mpimaji ni mwanamume. Mwingine huzima redio kila habari zinapofika. Nilimfahamu mtu aliyeacha kabisa kuongea lugha ya kwao, hata na wanawe, kwa sababu waliomvamia waliongea lugha hiyo. Watu wa ukoo walimwita mwenye majivuno.

Mama yule wa ziwani alikuwa hali samaki. Sikulitilia maanani hata kidogo hadi baadaye sana.

Uliza: "Kuna njia, saa, kitu au watu unaojitahidi kuwaepuka?" Akisema ndiyo, andika ni kitu gani na tangu lini. Sababu usiulize.

Kosa la kawaida hapa ni kumlazimisha "azoee". Kumvuta mtu kwa nguvu hadi penye hofu yake, kwa nia njema, humfunza jambo moja tu, kwamba hata wewe si wa kuaminiwa.

Hatua ya 5: Tazama mwili ulio zamu

Mwenye kiwewe anaishi kama mlinzi asiyepokelewa zamu. Mlango ukigongwa anaruka. Usiku anaukagua mlango mara nne, mara tano. Kanisani au msikitini anakaa nyuma kabisa, ukutani. Jambo dogo linamwasha hasira, anapiga watoto, kisha analia peke yake. Akili haikai: mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza darasani anasoma ukurasa mmoja asubuhi nzima.

Mwili nao hulalamika. Kichwa, mgongo, tumbo, kifua kubana. Ukiona mtu ametibiwa malaria mara tatu na vipimo vyote havikuonyesha malaria, au anakunywa dawa za vidonda vya tumbo mwaka mzima bila nafuu, muulize habari za usiku.

Angalia na chupa. Wanaume wengi hawatakuambia hawalali. Watakuambia wanakunywa waragi kidogo ili wapate usingizi. Waragi humlaza mapema na kumwamsha saa nane za usiku, na kesho anahitaji zaidi.

Hatua ya 6: Sikiliza anavyojisema

Hapa husikii hofu, unasikia lawama. "Mimi ndiye niliyesema tulale pale usiku ule." "Ningemshika mkono." Mtu anajihukumu kwa jambo lililofanywa na wengine wenye silaha. Au haisikii tena furaha: harusi ya mdogo wake imekuja, amekaa kama mgeni. Watoto wakimkumbatia hasikii kitu, na jambo hilo linamtisha mwenyewe.

Tazama pia shamba lake. Anapanda maharagwe ya miezi mitatu, lakini migomba hapandi, kwa sababu haamini kwamba atakuwepo kuivuna. Hakuna atakayekuambia kwa maneno kwamba hajioni akiwa hai mwaka ujao, ila utaliona kwenye anachopanda, anachonunua, na anavyokataa kuandikisha mtoto shule.

Hatua ya 7: Watoto wana lugha yao

Mtoto hatasema ana mawazo. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani ataanza tena. Atamng'ang'ania mama hata chooni. Atacheza mchezo mmoja tu, wa kuchinja au kukimbia au kuzika, tena na tena, bila kucheka. Mwingine atanyamaza. Kijana mkubwa ataanza ugomvi, kutoroka shule au kuvuta vitu.

Usimpige kwa kukojoa kitandani. Mweke karibu usiku, mrudishe kwenye ratiba: kula saa ileile, kulala saa ileile, shule. Mwambie ukweli kwa maneno machache, maana watoto husikia mnavyonong'ona. Ikiendelea kupita mwezi mmoja, naye anahitaji kuonwa. Na kama kuna mtu anayeendelea kumuumiza, piga 116.

Hatua ya 8: Uliza maswali matano

Wahudumu wa afya wana maswali mafupi ya kuchuja. Nimeyaweka kwa Kiswahili chetu. Mwambie: "Ninakuuliza mambo ya mwezi huu mmoja uliopita. Jibu ndiyo au hapana."

1. Je, umeota ndoto mbaya kuhusu jambo lile, au limekujia akilini bila wewe kutaka?
2. Je, umejitahidi sana usilifikirie, au umekwepa vitu vinavyolikumbusha?
3. Je, umekuwa macho muda wote kama mtu wa kulinda, au unashtuka kwa jambo dogo?
4. Je, umejisikia umekufa ganzi, au uko mbali na watu na mambo uliyoyapenda?
5. Je, umejilaumu, au kumlaumu mwingine bila kikomo, kwa yaliyotokea?

Ndiyo tatu au zaidi: mpeleke akaonwe. Ndiyo mbili, lakini hafanyi kazi wala halali: mpeleke vilevile. Maswali haya hayatoi hukumu. Yanatoa sababu ya kwenda kituoni, basi. Usitoke hapo ukasema "fulani ana PTSD". Jina la ugonjwa litatolewa na anayepima.

Hatua ya 9: Uliza kuhusu kifo, waziwazi

Wengi huruka hatua hii kwa woga kwamba watampa mtu wazo. Kuuliza hakumpi mtu wazo. Mara nyingi humpumzisha, kwa sababu amekuwa amelibeba peke yake. Sema: "Watu waliopitia mambo kama yako wakati mwingine hutamani kufa. Wewe je?" Akisema ndiyo, uliza kama ameshafikiria atafanyaje, na kama ana kitu cha kufanyia.

Akiwa na mpango, usimwache peke yake hata kwenda kuchota maji. Ondoa dawa za kunyunyizia mimea, kamba, na visu. Mwambie mtu mmoja anayemwamini, na mwende kituo cha afya siku hiyohiyo. Hapa ruhusa yake haisubiriwi, lakini mwambie unachofanya na kwa nini. Usifanye kwa kificho.

Hatua ya 10: Mfikishe, na ukae naye

Anza na kituo cha afya cha karibu. Kituo cha ngazi ya nne kina nafasi kubwa zaidi ya kuwa na mhudumu wa afya ya akili. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Mbarara, Hoima, Fort Portal, Gulu na Arua, zina vitengo vya akili. Butabika, Kampala, iliyofunguliwa mwaka 1955, ndiyo hospitali ya taifa ya rufaa kwa magonjwa haya. Jina lake huwatisha watu, lakini ina kliniki ya wanaokuja na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Wengi hawatafika huko kabisa, watatibiwa karibu na kwao.

Mpe mhudumu daftari lako, kwa ruhusa ya mgonjwa: usingizi, tangu lini, anachokwepa, vilevi, dawa anazokunywa, majibu ya maswali matano. Dakika chache za mhudumu mwenye foleni ndefu zitatumika vizuri zaidi.

Ugonjwa huu unatibika, na sisemi hivyo kwa kumfariji mtu. Tiba kuu ni mazungumzo yenye mpango, ambapo mtu husimulia maisha yake hatua kwa hatua hadi kumbukumbu ile ikae mahali pake, kuwa jambo lililopita. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika hapahapa Nakivale kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia. Walioshauri hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Zaidi ya nusu ya waliopata ushauri huo hawakuwa tena na ugonjwa. Dawa zipo pia, kama fluoxetine na sertraline. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na haziachwi ghafla bila kumwambia aliyeziandika.

Makosa ninayoyaona zaidi

Kununua vidonge vya usingizi dukani. Diazepam, wanayoiita valium, humlaza mtu wiki ya kwanza, kisha mwili unaidai. Shirika la Afya Duniani limeshauri isitumike kutibu dalili za baada ya tukio la kiwewe. Ikiwa ameshaitumia kwa muda mrefu, asiikate ghafla. Aiache kwa maelekezo ya mhudumu.

Kumsimamisha kanisani atoe ushuhuda. Sala si adui. Wengi wamesimama kwa sala, na mimi ni mmoja wao. Lakini kumtaka mtu asimulie kubakwa kwake mbele ya watu 100, au kumfungisha siku saba bila chakula na kuzitupa dawa zake, ni kumuumiza upya. Mwombe mchungaji au shehe awe upande wenu: amwombee, na amwambie aende kliniki.

Kumfunga kamba au kumfungia ndani. Mtu aliyewahi kutekwa, ukamfunga, umemrejesha mikononi mwa waliomteka.

Na ile sentensi: "Sahau, mbona wengine wamepona?" Iache.

Mambo yanapokwama

*Anasema hana shida yoyote.* Usibishane. Rudi kwenye usingizi au maumivu ya mwili: "Twende basi tuangalie hicho kichwa kisichopona." Ukifika, mweleze mhudumu ulichokiona, yeye mwenyewe akiwepo. Akikataa leo, mtembelee wiki ijayo kwa jambo jingine, kama kupalilia pamoja. Wengi wamekubali mara ya tatu au ya nne.

*Mhudumu hajui Kiswahili.* Hili ni tatizo letu la kila siku. Mhudumu anaongea Kiingereza na Kinyankore, mgonjwa Kiswahili cha Bukavu. Omba mkalimani wa kituo. Ukiwa wewe ndiye unayetafsiri, tafsiri maneno yake kama yalivyo. Akisema "kichwa kinachemka", sema kichwa kinachemka, usifupishe kuwa "ana wasiwasi". Usimtumie mtoto wake kutafsiri. Na muulize mgonjwa kwa siri kama anamwamini mkalimani: mtu wa kabila au upande uliomshambulia, hata awe mwema namna gani, atamfunga mdomo.

*Alipewa Panadol akarudishwa.* Rudini siku ya mhudumu wa afya ya akili mkiwa na daftari. Sema wazi: "Hajalala tangu Machi, na anaota jambo lilelile." Tarehe hufungua masikio kuliko neno "mawazo".

*Alikuwa amepona, sasa imerudi.* Tazama kalenda. Siku ya mwaka ya tukio huamsha mambo, na habari za nyumbani pia. Januari 2025, mji wa Goma kule Kivu ulipotekwa na waasi, niliona watu waliokuwa wazima kwa miaka wakirudi kukaa macho usiku kucha na simu mkononi. Kurudi kwa dalili hakumaanishi tiba ilishindwa. Arudi kliniki, na picha za vita zinazotumwa kwenye vikundi vya WhatsApp asizifungue, hasa usiku.

*Ni mume wangu, na ananipiga.* Kiwewe kinaeleza hasira yake, hakikulazimu wewe kuivumilia. Usalama wako na wa watoto unatangulia. Lala kwa ndugu au jirani, mwambie kiongozi unayemwamini, kisha mengine yafuate.

*Nikisoma haya naona ni mimi.* Basi jifanyie hatua zilezile: tarehe, usingizi, unachokwepa, maswali matano. Chagua mtu mmoja na umwambie sentensi moja tu, "silali, na nataka unisindikize kliniki". Huna deni la kumweleza zaidi. Siku ya kliniki nendeni asubuhi kabla foleni haijajaa, na ukifika keti karibu na mlango kama ndivyo unavyotulia. Mhudumu mzuri ataelewa.